Naitaka Katuni Isiyonifunza Kitu

Jumatano alfajiri, basi la kwenda kazini, Bologna. Mbele yangu kakaa mzee wa miaka 70 na ushei, koti la sufi, fimbo kaiegemeza dirishani. Akatoa miwani, akaifuta, akafungua katuni. Mtu mzima, babu wa watu, anasoma Tex. Kituo chake kikampita. Akashtuka, akatukana kidogo, akautazama ukurasa aliofikia, akaona hasara ishaingia, akaendelea kusoma.

Nilicheka peke yangu, nikapiga picha ya ile mikono na kitabu chake, nikairusha kwenye grupu la familia. Haikupita dakika, kaka akajibu: "Mtu mzima ovyo." Sawa, huyo ndivyo alivyo. Aliyeniudhi ni binamu yangu wa Maweni, kule nyumbani Kenya: "Wazungu hawana shida, ndiyo maana." Nimebeba maboksi ghalani siku nzima na hilo neno limenikaa kooni, na jibu lake haliingii kwenye grupu.

Hawana shida? Mzee wa fimbo anayepanda basi kabla jua halijatoka, huyo hana shida? Shida anazo. Ila hakuna anayemuuliza anasoma kwa faida gani.

Kwa ambao hamkupitia nyumba za Wataliano: Tex Willer ni ranger wa Texas, Marekani, askari wa sheria juu ya farasi, ambaye hajawahi kuwa Mmarekani. Alibuniwa Italia mwaka 1948 na Gian Luigi Bonelli, akachorwa na Aurelio Galleppini, na hadi leo hutoka kila mwezi, nyeusi na nyeupe. Wanavaho wanamwita Tai wa Usiku. Anawatwanga wabaya, kisha yeye na rafikiye Kit Carson wanaingia hotelini na kuagiza nyama ya unene wa vidole vitatu na mlima wa chipsi. Basi. Hamwambii mtu anawe mikono kabla ya kula.

Mimi nilimjua Tex jikoni kwa mama. Mjomba alikuwa mtunza bustani kwenye nyumba moja ya Wataliano kule Casuarina, Malindi, na msimu ukiisha wenyewe wakirudi kwao, yeye hubeba vya kutupwa: chupa, viatu, majarida. Mama alikuwa akiuza viazi karai, kwa hiyo majarida yakawa karatasi za kufungia. Kazi yangu mimi ilikuwa kushindana na wateja, niuwahi ukurasa kabla haujapata mafuta. Mmoja naukumbuka mpaka leo: Tex kafungwa mtini, kuni zinawaka miguuni pake, na mafuta ya karai yameuloa hata farasi wa upande wa pili wanaonekana kama wanakuja ndani ya ule moto. Ukurasa uliofuata uliondoka na viazi vya shilingi kumi. Nilimkimbilia mteja hadi kwenye tuktuk, akanifukuza. Wataliano huziita katuni "fumetti", yaani vimoshi, kwa jinsi maneno yanavyofuka midomoni mwa watu. Neno la kwanza la Kitaliano nililolijua lilitoka kwenye kimoshi, na halikuwa neno la heshima.

Shuleni nako tuligawiwa katuni, tena za bure, kwa katoni, karatasi ya kung'aa. Mbu anazungumza. Choo kinazungumza. Kijana anakaidi ukurasa wa pili, anajuta ukurasa wa saba, na nyuma kuna nembo za wafadhili watano na swali: "Umejifunza nini?" Nilijifunza kwamba katuni ni dawa, na dawa mtu hainywi akiwa mzima.

Msinielewe vibaya. Shujaaz, jarida la katuni la Kenya, ilipoanza mwaka 2010 niliipigania kila toleo, michoro ile haina cha kuionea haya popote duniani. Lakini hata humo, hadithi ikishanoga, ghafla unafundishwa kupaka vifaranga rangi wasichukuliwe na mwewe. Wa kumvulia kofia ni Juha Kalulu wa gazeti la Taifa Leo, kazi ya mkono wa Edward Gitau. Miaka nenda miaka rudi, sikumbuki amfunze mtu chochote. Allah amlipe mema.

Nishawasikia. "Miaka minane ya makaroni imemlewesha." Mimi huku napanga foleni ya kibali cha kukaa kama ng'ombe kwenye josho, na katuni zao za kale zilituchora na mifupa puani, nazijua, nimezishika. Siwaabudu. Wewe unasema watu hawana pesa ya unga, mimi naleta habari za katuni. Haya, na pale kwenye banda la video Jumapili? Si mwalipa mkatazame mpira wa Uingereza? Hakuna aliyewahi kutoka pale akaulizwa Arsenal imemfunza nini. (Ingekuwa subira, labda.) Starehe mnaijua vizuri sana, ila ikiwa kwenye karatasi mnasema ya watoto.

Na hadithi tunazo. Wakati wa mapumziko niliwasimulia wenzangu habari za Fumo Liyongo, shujaa wa tenzi za pwani: mamake anampelekea mjakazi Saada na chakula gerezani, walinzi wanakula vinono na kumwachia mkate wa wishwa, kumbe tupa ya kukatia chuma imo ndani; nje ngoma ya gungu inapigwa, ndani yeye anakata pingu. Nikafika kwenye kifo, sindano ya shaba kitovuni kwa mkono wa mwanawe, naye Liyongo kapiga goti kisimani na mshale upindeni, kafa, na mji mzima unaogopa kwenda kuteka maji. Dereva wa foko, ile gari ya kunyanyulia mizigo, akaacha mkate wake. "Naipata wapi? Anaichora nani?" Nilijisikia mfalme wa Ozi ya kina Liyongo, kisha nikaona aibu, maana najua ikichorwa kwetu, chini ya lile goti patawekwa nembo na swali.

Usiku simu ikalia. Mjomba, sauti ya dakika mbili, tangu lini huyu anatuma sauti. Salamu, mvua, bei ya samaki, goti lake. Nikajua ndiyo hotuba ya utu uzima inakuja. Akakohoa.

"Sasa, mwanangu, yule wa mtini, uliyekuwa ukimlilia mamako. Huko si ziko zote? Alitokaje?"