Namba Moja ya Kijiko

Tarehe 27 Aprili ni Siku ya Mfalme, na Amsterdam nzima inageuka mnada. Watu wanatandaza mashuka barabarani na kuuza kila kilichojaa stoo. Hapo ndipo nilipookota fungu langu: vijiko sita vya fedha vyenye merikebu kwenye ncha ya mpini, chini yake umechongwa mwaka 1746; kijiko kidogo cha sukari; na upawa wa supu uliogongwa namba 90. Bei siisemi. Kwa kitu cha 1746, nani atabishana?

Nyumbani nikatoa lenzi ya sonara, ile inayokuza mara 10. Nyuma ya mpini kulikuwa na alama nne: simba anayetembea mwenye namba 2, kichwa cha mtu aliyevaa kofia ya chuma na herufi A, herufi nyingine peke yake, na alama ya fundi. Nikampigia hesabu shemeji: A ni toleo la kwanza, mwenye kofia ni askari, na 2 ni namba ya kijiko katika seti. Nikageuza cha pili: 2. Cha tatu: 2. Vyote sita ni namba mbili! Basi namba moja imebaki kwa muuzaji. Nilirudi mbio hadi pale kwenye shuka. Yule mama alinitazama kama mtu aliyedai kandambili ya kushoto.

Alama ya fundi ilikuwa imesagika. Dawa nyepesi ni kuipulizia pumzi ya moto: ukungu wa pumzi ukianza kukauka, mistari inajitokeza, hasa taa ikipiga kutoka ubavuni. Dawa kali ni masizi. Unashikilia alama juu ya ncha ya moto wa mshumaa sekunde chache mpaka iwe nyeusi, unabandika selotepu, unabandua, unaigandisha kwenye karatasi nyeupe. Alama inakaa pale safi kama gazeti.

Nilichosahau ni kwamba hakuna metali inayopitisha joto kuliko fedha. Mshumaa uko ncha moja, mimi nimeshika ncha nyingine kwa vidole vitupu. Watu wenye akili hutumia koleo. Kijiko kiliruka, kikatua kwenye kikaango cha shemeji, katikati ya mayai.

“Shem, hii ndiyo chumvi?” akauliza shemeji.

Tukala kwanza. Tulipokumbuka kukitoa kimeshakuwa kahawia, kwa sababu mayai yana salfa na salfa huigeuza fedha nyeusi. Nikatandika foili kwenye bakuli, nikamwaga maji ya moto nusu lita na kijiko cha chakula cha magadi soda ya kuokea. Salfa ikahamia kwenye foili, kijiko kikang'aa. Kikang'aa mno! Ule weusi wa zamani uliokuwa ukichora matanga ya merikebu ulikwenda nao, ikabaki merikebu iliyonyolewa.

Karatasi ya selotepu ilisomeka W, halafu nyota, halafu M. Nikatafuta mafundi wenye W na M, wakaja wengi. Nikaipeleka Schoonhoven, mji wa mafundi fedha, kwa mzee mmoja sonara. Hakusema neno. Aliigeuza karatasi juu chini tu. W ikawa M, M ikawa W, na mpangilio ukawa ule ule. “Umbo la fremu inayozunguka herufi,” akasema. “Herufi bila nyota na bila umbo la fremu hazikupeleki popote.”

Kisha akanivua nguo moja moja. Mwenye kofia si askari, ni Minerva, mungu wa kike wa Warumi, na A ni ofisi ya ukaguzi ya Amsterdam. Minerva alianza kugongwa 1814, kwa hiyo kijiko changu kilizaliwa miaka 68 kabla ya muhuri wake. Cha 1746 kweli, kama ni cha Amsterdam, kingekuwa na misalaba mitatu ya mji chini ya taji. Mwaka pale ni pambo la mtindo wa kizamani. Umri unasomwa kwenye ile herufi ya peke yake, na kwa kuwa alfabeti imezunguka zaidi ya mara moja, mwandiko wa herufi ndio unaotaja mzunguko. Na 2 ni daraja: fedha 833 katika 1,000. Namba moja ipo, ni simba aliyesimama kwa miguu ya nyuma, daraja la 934, lakini hakupotea kwenye fungu langu.

Nikatoa silaha ya mwisho kutoka kwenye soksi: upawa wa 90. Asilimia 90, si inashinda 833?

“Umepakwa fedha juu tu,” akasema. “Ni gramu 90 za fedha zilizogawanywa kwa vijiko 12 na uma 12.”

Shemeji naye akatoa mfukoni kijiko cha sukari, nilichompa akorogee chai kwa sababu hakikuwa na simba. Mzee akakitia lenzi, akaonyesha kiupanga kidogo kuliko punje ya mchele: alama ya vitu vidogo, fedha halisi.

Mpaka leo hataki kukirudisha. Anasema ndiyo namba moja.