Nipungue Kwanza au Nishike Chuma Kwanza?

Katika jimu za mitaani za Dar es Salaam, zile ambazo vyuma vyake vimechomelewa na fundi wa jirani na mabenchi yake yamepigwa misumari kwa mbao, mgeni aliyeelemewa na uzito huingia na ombi lile lile, kwamba anataka kupungua na hataki kujazia. Nimemsikia mama mmoja wa makamo akimwambia mwalimu, "Mwanangu, nitoe kitambi tu, vyuma waachie mabaunsa." Kijana akajibu, "Sawa mama," akampa kamba aruke. Hazikupita dakika tano mama alikuwa ameketi kwenye benchi, ameshika goti la kulia kwa mikono miwili, na siku hiyo hakufanya zoezi jingine.

Hata hivyo, fikra iliyokuwa nyuma ya kamba ile haikukosa msingi. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, uliochapishwa mwaka 2012, uliwafuatilia kwa miezi 8 watu wazima wenye uzito uliozidi, na 119 kati yao wakafika mwisho. Waliofanya mazoezi ya pumzi, yaani yale ya kutembea na kukimbia, walipungua uzito na mafuta, ilhali walionyanyua uzito peke yake waliongezeka kidogo kwenye mizani, kwa sababu misuli yao ilikua na mafuta yao hayakupungua kwa kiasi cha maana. Jambo hilo linaeleweka, kwani anayetembea kwa kasi kwa dakika 40 anafanya kazi mfululizo, wakati anayenyanyua kwa muda huo huo hutumia sehemu kubwa akipumzika kati ya seti moja na nyingine. Aidha, kauli inayopendwa sana na walimu wa jimu, kwamba misuli huchoma mafuta hata mtu akiwa amelala, imetiwa chumvi kupita kiasi: kilo moja ya misuli iliyopumzika hutumia takriban kalori 13 kwa siku nzima, ambazo ni pungufu ya kalori zilizomo katika kijiko kimoja cha sukari ya chai.

Kwa hiyo, anayetaka tarakimu ya mizani ishuke upesi na asijali kingine chochote ana haki ya kuviweka vyuma kando. Ninachokipinga ni kule kutojali kingine, kwa kuwa mwili unaopungua haupotezi mafuta peke yake. Mwaka 2017 ulichapishwa utafiti mwingine wa Marekani uliohusisha watu 160 wanene wenye umri wa miaka 65 na zaidi, ambamo makundi matatu yaliyopunguza chakula na kufanya mazoezi yalipungua uzito kwa kiwango kimoja, takriban asilimia 9. Tofauti ilikuwa katika kile kilichoondoka. Waliofanya mazoezi ya pumzi pekee walipoteza takriban asilimia 5 ya sehemu ya mwili isiyo mafuta, walionyanyua uzito asilimia 2, na waliochanganya yote mawili asilimia 3. Mizani ingewaambia wote wamefaulu sawasawa, lakini misuli inayopotea ndiyo inayomnyanyua mtu kutoka kwenye mkeka, na kwa mtu mzima kuirudisha ni kazi ngumu kuliko kuilinda.

Je, ni lazima viwe vyuma huru, visivyofungwa kwenye mashine? Kwa kukuza nguvu na misuli, tafiti zilizolinganisha njia hizi mbili hazioni tofauti kubwa, na mashine ina faida ya kumwongoza mwoga, kwa kuwa inapita njia moja tu. Lakini mashine ni ghali na jimu zenye mashine ziko mbali na wengi wetu, ilhali dumu la lita 5 lililojaa maji lina kilo 5 na limo jikoni tayari. Isitoshe, mama aliyezoea kujitwisha ndoo ya lita 20 hubeba kilo 20 na zaidi bila kuliita zoezi, kwa hiyo hofu ya kwamba dambeli ya kilo 4 itamgeuza baunsa haina mashiko. Pingamizi lenye nguvu ni la mafunzo, maana chuma huru hakimsahihishi anayekosea. Vyuma vya saruji iliyomiminwa kwenye makopo vina hatari yake pia: nimewahi kushika kimoja ambacho kopo la kushoto lilikuwa zito kuliko la kulia, na kila nilipokiinua kiliniinamisha upande mmoja mpaka kiuno kikauma. Kabla ya kumkabidhi mgeni chuma cha namna hiyo, kila kopo lipimwe peke yake kwenye mizani ya muuza nafaka kabla halijafungwa kwenye bomba.

Kwa maoni yangu, mama yule alistahili kuanza kwa kuketi na kuinuka kwenye lile lile benchi, mara 8 hadi 12, kwanza bila kitu, kisha akiwa amekumbatia dumu kifuani, siku mbili au tatu kwa wiki, na siku nyingine atembee. Uzito uwe ule unaomwachia nguvu ya kurudia mara mbili tatu zaidi, naye atoe pumzi wakati wa kuinuka, kwa kuwa kuibana hupandisha shinikizo la damu ghafla. Kwa mtu mnene ambaye hajawahi kupima shinikizo hilo, kupima ndiyo hatua ya kwanza.

Wengi huacha katika wiki za mwanzo, na sababu yake inahuzunisha kwa kuwa inaepukika. Misuli iliyoanza kufanyishwa kazi huumwa kwa siku mbili tatu na huhifadhi maji, hivyo mizani huganda au hata kupanda wakati mafuta yanapungua, na mtu huamua kwamba chuma kimemnenepesha. Hapo ndipo sahani inapopaswa kutazamwa, kwa sababu kupungua kwenyewe hutokana zaidi na kilichomo humo: kipande cha ugali kipunguzwe, maharage, dagaa au mayai yabaki ya kutosha ili misuli ipate cha kujijengea. Kiuno kipimwe kwa utepe wa fundi cherehani, usawa wa kitovu, asubuhi kabla ya chai, kila baada ya wiki 2, na namba iandikwe pembeni ya uzito wa dumu la siku hiyo.