Nembo ya Kifuani Imefikaje Tumboni?

Tazama picha yoyote ya kikundi kilichovaa fulana za sare. Waliosimama nyuma wanasomeka vizuri. Sasa angalia waliokaa mbele: "UMOJA" ipo, "NI NGUVU" imemezwa na kitambi. Kitambaa kizuri, rangi imekolea, wino umeshika barabara, na kazi yote imeharibika kwa sentimita chache tu.

Chanzo ni kilekile kila siku. Mchapaji anatandika fulana mezani na kuiona kama karatasi. Anapima toka juu hadi chini, anagawa kwa mbili, anabandika hapo. Hesabu haina kosa hata chembe! Ila chukua fulana ya mtu mzima yenye urefu wa sentimita 74 toka begani hadi pindo. Nusu yake ni 37. Nembo yenye kimo cha sentimita 10 itaanzia kwenye 32. Shingo ya mbele nayo imeshuka kama sentimita 10 toka begani, kwa hiyo kati ya shingo na nembo umeacha uwanja mtupu wa sentimita 22. Hapo kifua kimeshaisha zamani, tunabisha hodi kitovuni.

Kipimo kinaanzia shingoni. Banisha vidole vinne, viweke chini ya mshono wa shingo, yaani sentimita 7 hadi 8, na hapo ndipo mchoro uanze. Fulana za watoto, vidole viwili au vitatu. Mgongoni shuka zaidi, 10 hadi 12. Na tafadhali, asije mtu na ile hoja ya "mbona kwenye kompyuta ilikaa vizuri." Kwenye kompyuta fulana imevaliwa na mtu asiye na tumbo, asiyeinua mikono, na ambaye hajawahi kuona kiti.

Haya, zipo fulana pana za mtindo ambazo mchoro umeshushwa makusudi, na ipo michoro mikubwa inayojaza mbele kote. Nakubali, ingawa shingo upande. Nembo ya kikundi haimo humo.

Kushoto na kulia nako kuna mitego. Lebo ya shingoni usiiamini, mara nyingi imeshonwa kando. Mishono ya ubavuni nayo hujipinda kwenye fulana hafifu, na fulana nyingine hazina mshono huo kabisa. Kunja fulana kwa urefu, mshono wa bega ulale juu ya mwenzake, kwapa juu ya kwapa, kisha ibane kwenye mashine ya joto, ile inayogandisha mchoro kwenye kitambaa, sekunde 3 hadi 5. Ukiifungua, mstari wa katikati umejichora wenyewe, na utafutika ukibana mchoro. Halafu tumia jicho. Kompyuta hupima sanduku lililozunguka mchoro, haijui uzito uko wapi. Ndege mwenye mkia mrefu "akiwekwa katikati" na kompyuta, mwili wake wote unahamia upande mmoja. Msogeze sentimita moja, au hata mbili, mpaka jicho litulie.

Upana wa sentimita 28 hadi 30 unamfaa mtu mzima. Mchoro huohuo ukiuhamishia kwenye fulana ya mtoto yenye upana wa 35, kingo zinakaribia mishono ya kwapa. Mshono unanyanyua bamba la mashine, mgandamizo unapungua pembeni, vinili (ile plastiki nyembamba ya mchoro inayogandishwa kwa joto) haishiki, na baada ya kufuliwa mara chache inaanza kubanduka kwenye ncha. Hapo lawama zote anabebeshwa muuza vinili. Tengeneza faili la pili la watoto, sentimita 15 hadi 20, yaishe.

Nembo ndogo ya kifuani: kushoto kwa anayevaa, jamani, si kwa anayetazama! Upana 8 hadi 10, na kiini chake kiwe kama sentimita 10 toka mstari wa katikati, isije ikajificha kwapani.

Picha iliyopita kwenye makundi manne ya WhatsApp haichapiki. Upana wa sentimita 30 kwa nukta 300 kwa kila inchi unataka pikseli kama 3,540. Na lile sanduku jeupe nyuma ya nembo liondoe kabla ya kuchapa, maana kwenye fulana nyeusi litatoka na lenyewe, jeupe pe.

Kabla ya kubana hata fulana moja, chapa mchoro kwenye karatasi ya kawaida kwa saizi yake halisi, ukate, uubandike kwa selotepu kwenye fulana, mtu aivae. Mwangalie akiwa amesimama, hatua tatu mbali. Kisha, na hapa ndipo wengi wanaparuka, mwambie akae. Akae vibaya, mgongo umelegea, kama atakavyokaa siku ya picha.