Mzee Hayupo Tena

Kama uliwahi kupita Kirumba, hapa Mwanza, ukaona turubai la msiba mbele ya nyumba ya wapangaji, watu wamejaa, wali unapikwa, na hakuna hata mmoja anayejua aliyefariki ni nani, basi ulipita kwangu.

Mimi ni karani pale Mwaloni. Nahesabu magunia ya dagaa yanayoshushwa kutoka visiwani, naandika kwenye daftari, nalipwa kwa siku. Kwetu ni Ukerewe, kisiwa alichozaliwa Euphrase Kezilahabi, na kijana yeyote wa kwetu akipata alama nzuri za insha huambiwa na shangazi zake kwamba uandishi uko kwenye maji. Nikaamini. Ila mimi sikutaka riwaya za kufikirisha. Nilitaka zile za kumfanya abiria wa daladala apitilize kituo.

Nikapata mwalimu: mzee anayeuza vitabu vya mitumba mjini, aliyewahi kuandika hadithi za mfululizo magazetini, enzi za "itaendelea toleo lijalo". Ada ilikuwa elfu tano na chai kwa kila somo. Hakuwa na huruma. Hadithi yangu ya kwanza ilianza jua likichomoza ziwani, ndege wakaimba, Inspekta akaamka, akapiga mswaki. Mzee akasoma hadi hapo, akavua miwani.

"Huyu ana meno mangapi? Maana naona tutayapitia yote."

Akapiga mstari mwekundu ukurasa mzima. Anza pale simu inapoita, akasema. Jina la hadithi, "sehemu ya nne", "mtunzi wako mpendwa", vyote toa. Msomaji aingie kama mtu aliyefungua mlango wa chumba kisicho chake. Ukifika pale roho yake iko mkononi, kata. Ukishakata, nyamaza. "Akikupigia usipokee. Akipata jibu leo, kesho atakutafutia nini?"

Siku nyingine akanipa mfano wa Alfred Hitchcock, yule mwongozaji wa filamu Mwingereza. Watu wamekaa mezani wanapiga soga, mara bomu linalipuka: watazamaji watashtuka sekunde 15, basi. Lakini waonyeshe kwanza bomu lililo chini ya meza, wajue limebakiza robo saa, halafu waache wale watu waendelee na soga zao. Hapo umepata dakika 15 za watazamaji kukaa ukingoni mwa viti. Soga ni ileile. Kilichobadilika, mzee alisema huku akipuliza chai, ni nani anajua na nani hajui. Nikaliandika hilo kwenye daftari la dagaa, chini ya hesabu ya magunia, kwa herufi kubwa.

Nilikuwa na kikundi cha WhatsApp chenye wasomaji 23, nawatumia kipande kila Ijumaa. Ijumaa ile nikaandika kitamu kuliko vyote. Hiki hapa, sijabadilisha hata nukta:

"Mzee hayupo tena. Imetokea usiku huu, hapa Kirumba. Njooni upesi, ila Mama asiambiwe. Siwezi kusema zaidi, kuna mtu mlangoni."

Saa tatu usiku nikakituma, nikazima mlio. Kabla ya kulala nikachungulia: simu 31 hazijapokelewa. Jamani! Wasomaji 23, simu 31! Sikuangalia hata majina. Mtu anayeshangiliwa hatazami sura moja moja. Nikaizima simu kabisa, kama nilivyofundishwa, nikalala natabasamu.

Kitanda tulilala wawili. Baba Mkubwa alikuwa amekuja kutoka Nansio, kwetu Ukerewe, kutibiwa macho, akafikia kwangu. Simu yake ya kitochi huizima kila siku saa mbili usiku, eti betri nayo ni kiumbe, ipumzike.

Msomaji, wewe bomu umeshaliona. Kikundi cha wasomaji kina picha ya ziwa. Kikundi cha ukoo nacho kina picha ya ziwa, tena nimeiweka mimi. Lakini mimi saa kumi na moja alfajiri niko Mwaloni, nabishana na mchuuzi kuhusu gunia lililolowa.

Yaliyofuata nilisimuliwa baadaye, na kila msimuliaji alikuwa amenikasirikia.

Ukoo wetu una wazee tisa, na wote huitwa Mzee. Usiku ule kila mtu alidhani aliyeondoka ni wa kwake. Nao ule ujumbe kwamba Mama asiambiwe, kila mtu akauchukulia ni mama yake. Kwa hiyo akina mama wote wakafichwa. Sasa utamsafirishaje mwanamke mzima alfajiri bila kumwambia sababu? Wakaambiwa kijana wa Kirumba anaposa. Wakaja na vitenge vya sherehe, mmoja na vigelegele vyake tayari kooni.

Upande wa Sengerema ndio walionimaliza. Zamani wangekwama Busisi wakisubiri kivuko, na mimi ningepata walau saa moja ya kujitetea. Lakini tangu Juni 2025 kuna Daraja la J.P. Magufuli, kilomita 3 juu ya maji. Unavuka hujamaliza hata kumuuliza mwenzako marehemu ni yupi. Saa mbili asubuhi wakawa mlangoni. Akawafungulia Baba Mkubwa, na macho yake yale mekundu ya dawa. Kuyaona tu, wakaangua kilio. Naye, mtu wa heshima, akalia nao. Baada ya muda ndipo akauliza kwa upole, "Nani kafariki?"

Hapo ndipo hesabu ilipoanza. Baba Mkubwa: yupo, tena anadai uji. Baba Mdogo wa Sengerema: yupo, ndiye aliyelipa nauli za wote. Baba mwenye nyumba akafunga turubai. Majirani wakachanga mchele, na mfanyakazi mwenzangu wa zamu ya mchana akapewa daftari la rambirambi. Kwenye mstari wa jina la marehemu akaandika "litajazwa". Meli ya kutoka Nansio ilipofika, ikashusha wazee watatu kwa mpigo, wote wazima, kila mmoja akipokewa kwa shangwe kisha kuombwa akae alie na wenzake. Hadi saa saba mchana, saba walikuwa wamethibitishwa hai. Wamebaki wawili, na wote hawapatikani kwenye simu.

Ndipo nikatokea mimi na dagaa wangu kwenye mfuko.

Niliona turubai, nikaona shangazi zangu chini kwenye mikeka. Miguu ikaisha nguvu. Nikatupa dagaa, nikalia. Nasema kweli, nililia kuliko wote, kwa sababu wao walishalia wakachoka. Nikamshika binamu yangu shati: "Ni nani? Niambie, nitavumilia!"

Akanitazama kwa muda mrefu. "Si wewe uliyetuambia?"

Akatoa simu, akasoma kwa sauti. Na hapa naomba nikiri jambo la aibu: alipofika "kuna mtu mlangoni", turubai zima likanyamaza, mzee mmoja akageuka kuutazama mlango, na hata mimi mwenyewe nywele zilisimama. Nilijisikia fahari. Ilidumu kama sekunde 15.

"Hiyo," nikasema, "ni hadithi."

Sitasimulia dakika zilizofuata. Itoshe kusema kwamba wale wazee wawili walipatikana: mmoja alikuwa ziwani anavua, mwingine alikuwa ameusoma ujumbe, akauelewa kuwa ni utapeli, akazima simu. Turubai nikalilipa mimi. Mchele wa watu nitaendelea kuurudisha kidogo kidogo hadi sijui lini.

Tulipokuwa tunakula (wali umeshaiva, ufanyeje?) tukasikia kilio kutoka barabarani. Shangazi mkubwa. Aliikosa meli, akavuka kwa kivuko cha Rugezi hadi Kisorya, akazunguka Bunda, akapanda basi hadi Mwanza, siku nzima barabarani. Tukamkalisha, tukampa maji, tukamweleza. Akafuta machozi kwa ncha ya khanga, akanyamaza kidogo.

"Sawa. Na huyo aliyekuwa mlangoni ni nani?"

Watu wote wakageuka wakanitazama, hata wale waliokuwa wameninunia.

Ukweli ni kwamba sikujua. Mzee wa vitabu huwa anasema mwandishi wa upelelezi lazima amjue muuaji wake kabla hajaandika mstari wa kwanza, lakini siku ya somo hilo nilikuwa sina elfu tano. Nikajaribu kusema ni jirani. Shangazi akasonya. Baba Mdogo akasema ni yule Inspekta mwenyewe, ndiyo maana haonekani. Binamu akasema ni daktari. Wakabishana hadi magharibi, wengine wakaachwa na gari la mwisho la Sengerema, wakalala chini ya turubai lililokuwa limelipiwa hadi asubuhi.

Baba Mkubwa macho yamepona sasa. Dawa zilikwisha wiki mbili zilizopita, lakini kurudi Nansio bado. Kila Ijumaa ananiuliza kama kile kipande kimetoka, na kitochi chake siku hizi hakizimwi saa mbili.