Chenga za Kanda si Mikwaruzo ya Filamu

Kila ninapoona video mpya iliyovalishwa sura ya kale, natazama kwanza kama mhariri ameamua ni mashine gani anaiigiza. Mara nyingi hajaamua. Mikwaruzo ya wima ya filamu inakaa juu ya chenga za kanda ya video ya VHS, rangi ya kahawia imemwagwa kote, neno PLAY liko pembeni, na nyuma inasikika projekta ikitatarika. Mambo hayo hayajawahi kuishi pamoja. Mtazamaji huenda asijue kwa nini, lakini anahisi kwamba anadanganywa, na mimi nasikitika, kwa sababu kila doa la picha ya zamani lina chanzo chake na ukikijua unaweza kulitumia kusema jambo.

Filamu hupita kwenye projekta ikishuka. Punje ya uchafu ikinasa njiani, huukwaruza utepe mstari wa wima unaodumu fremu nyingi, ukiyumba kidogo tu kushoto na kulia. Vumbi haliko hivyo: huonekana kwa fremu moja, kisha halipo. Hata rangi yake ina habari. Vumbi lililokaa juu ya negativu, yaani filamu ya asili iliyotoka kwenye kamera, wakati nakala ikichapwa hutokea jeupe kwenye skrini. Lililotua juu ya nakala yenyewe hutokea jeusi. Kwa hiyo ukitaka nakala iliyozungushwa sana kwenye kumbi, weka madoa meusi zaidi. Na kabla ya kukimbilia rangi ya kahawia, kumbuka kwamba nakala nyingi za rangi za miaka ya 1950 hadi 1970 zimegeuka nyekundu au waridi, kwani rangi ya samawati-kijani ndiyo iliyotangulia kufifia.

Mwendo nao unasahauliwa. Super 8, filamu nyembamba ya sinema za nyumbani iliyoingia sokoni mwaka 1965, ilitumiwa sana kwa fremu 18 kwa sekunde. Picha laini ya fremu 60 iliyopakwa chembechembe za filamu haitakaa kama sinema ya nyumbani ya wakati huo, hata ukiongeza efekti kumi. Shusha mwendo kwanza, ndipo uweke chembechembe, ili nazo zibadilike pamoja na picha. Chembe zinazochemka kwa fremu 60 juu ya picha ya fremu 18 hukaa kama kioo kichafu mbele ya lenzi.

Sasa kurudisha nyuma, na hapa ndipo moyo wangu ulipo. Kuna kurudisha nyuma kwa aina mbili, na programu zinatupa kitufe kimoja tu.

Aina ya kwanza ni ya deki, mashine ya kuchezea kanda. VHS, iliyotolewa na kampuni ya JVC ya Japani mwaka 1976, huandika picha kwa njia za mshazari kwenye kanda, na vichwa vilivyo kwenye ngoma inayozunguka huzisoma. Kanda ikirudishwa kwa kasi huku picha ikionekana, kichwa hukatiza njia kadhaa kwa mpito mmoja, na kila kinapovuka kutoka moja hadi nyingine picha hupotea. Hapo ndipo zinapotoka zile pau za chenga zilizolala. Kwa hiyo geuza klipu, iongeze kasi mara kadhaa, weka pau za mlalo, chana ukanda mwembamba chini kabisa ya fremu, acha nyekundu ivuje nje ya mipaka yake, kisha nyamazisha sauti ya klipu. Deki nyingi zilikuwa kimya wakati huo, na kilichosikika ni mlio wa mota. Maneno yaliyogeuzwa yakiropoka kwa kasi yanavunja kila kitu.

Aina ya pili ni ya ulimwengu wenyewe. Ndugu Lumière wa Ufaransa walirekodi ukuta ukibomolewa mwaka 1896, na filamu hiyo ilionyeshwa pia kinyumenyume: vumbi likakusanyika, ukuta ukasimama. Hapakuwa na pau wala chenga. Deki inamwambia mtazamaji kuwa kuna mtu ameshika rimoti; ukuta ule unamwambia kuwa wakati umegeuka. Ukitafuta hiyo ya pili, weka mwendo wa kawaida, ondoa efekti zote, na uchague kitu chenye mwelekeo mmoja: maji, moshi, kioo kinachovunjika, kitambaa kinachoanguka. Gari linalopita halitoshi, kwani magari hurudi nyuma kila siku.

Klipu iliyogeuzwa ikikwamakwama kwenye programu za kuhariri kama Premiere Pro au DaVinci Resolve, kwa kawaida ni kwa sababu ya H.264, njia ya kubana video ambayo fremu zake nyingi huhifadhi tofauti tu na fremu za jirani. Ibadilishe iwe faili la ProRes au DNxHR, miundo ya kuhariria ambamo kila fremu inajitegemea, na itatembea.

Kazi hii yote inaweza kupotea wakati wa kupakia. Chembechembe ni mabadiliko matupu kila fremu, na ubanaji wa mtandaoni huyachukia. Chembe ndogo ndizo za kwanza kufa, na mahali pake huja miraba. Kwa video ya mtandaoni napenda chembe kubwa kidogo, zilizokolea kwenye mwangaza wa kati na kufifia kwenye weupe na weusi kabisa, na faili la 4K hata kama picha ni ya 1080, maana YouTube huipa 4K data nyingi zaidi.