Nyumbani hatujui kufuta programu za masomo, ugenini hawajui kulea mhadhiri

Wenzangu niliofundisha nao Tanzania wakinipigia simu huwa na ombi moja: niwatumie mpango mkakati wa shule ya biashara ninayofanyia kazi huku kaskazini mwa Uingereza. Wanaamini kwamba shule za wazungu zinaendeshwa kwa mkakati na zetu zinaendeshwa kwa kudra. Kazi yangu huku ni kusimamia programu za uzamili na kugawa mzigo wa ufundishaji, kwa hiyo nimekaa kwenye vikao vya kutosha kuhusu huo mpango. Ni kijitabu kizuri, kina picha za wanafunzi wanaocheka kwenye majani mabichi. Hakikuwa na neno hata moja kuhusu naira, sarafu ya Nigeria, na naira ndiyo iliyotuangusha.

Nieleze hili kwa kituo, maana nyumbani halijulikani sana. Mwingereza anayesoma shahada ya kwanza hulipa ada isiyozidi kiwango cha serikali: pauni 9,000 mwaka 2012, 9,250 kuanzia 2017, na 9,535 kwa mwaka wa masomo 2025/26. Umeme, mishahara na pensheni havikusubiri. Pengo linazibwa na mwanafunzi wa kigeni, hasa wa uzamili, ambaye ada yake haina dari. Kwenye shule ya biashara, pauni elfu ishirini na kitu kwa mwaka mmoja ni jambo la kawaida. Na biashara haihitaji maabara. Inahitaji ukumbi, projekta na mhadhiri. Sehemu kubwa ya fedha hizo wala haibaki shuleni. Inapanda makao makuu ya chuo, ikagharamie idara zisizojitosheleza.

Julai 2021 serikali ilianzisha viza ya kubaki miaka miwili baada ya kuhitimu, na Wanaigeria wakaja kwa wingi, wengi pamoja na wake, waume na watoto. Shule zikafungua udahili wa Januari, zikakodi kumbi, zikaajiri. Juni 2023 benki kuu ya Nigeria ikaiachia naira ielee, nayo ikaporomoka. Mzazi aliyekuwa ameweka akiba ya ada akajikuta na nusu ya ada. Januari 2024 Uingereza ikazuia wanafunzi wengi wa uzamili kuja na familia. Darasa letu la Januari, lililokuwa likijaza ukumbi mkubwa wa mihadhara, likaenea kwenye chumba cha semina na viti vikabaki. Baada ya hapo ikaja barua pepe ya makao makuu, yenye lugha laini sana, ikiwakaribisha wafanyakazi kufikiria kuondoka kwa hiari.

Sasa niambieni mkakati ulikuwa upi. Ulikuwa ni kamari juu ya sarafu ya nchi nyingine, imevalishwa suti. Kuna vyuo vingi vya Uingereza vilivyotangaza kupunguza watu mwaka 2024 na 2025, na vingi vilikuwa na mipango ya miaka mitano yenye jalada linalong'aa.

Nikilinganisha, naona tulishawahi kuwa na mkakati ulio bora kuliko huo, tena bila jalada. Baada ya Azimio la Arusha mwaka 1967 mabenki na makampuni makubwa yalitaifishwa, na ghafla nchi ikawa na mashirika ya umma isiyokuwa na wahasibu wala mameneja wa kuyaendesha. Mwaka 1972 ikaanzishwa IFM, Chuo cha Usimamizi wa Fedha. Mwaka huohuo Mzumbe, mahali palipoanza 1953 pakiwafunda machifu na makarani wa serikali za mitaa, pakageuzwa kuwa IDM, chuo cha menejimenti ya maendeleo, ili pazalishe mameneja. Mlimani nako Kitivo cha Biashara na Menejimenti kikafuata mwaka 1979, ambacho tangu 2008 ni Shule ya Biashara ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Unaweza kubishana na siasa ya wakati ule, na mimi hubishana nayo, lakini swali lilikuwa linaeleweka: tunahitaji watu wa aina gani, wangapi, wafanye kazi wapi. Siku hizi mipango ya vyuo vyetu inanukuu viwango vya ubora vya kimataifa na haisemi soko la Kariakoo linahitaji nini.

Hilo linanileta kwenye programu zenyewe. Chuo cha Uingereza chenye mamlaka ya kutunuku shahada hujiidhinishia programu zake. Hakuna mamlaka kama Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU) ya kupelekewa kila mtaala. Ukitaka shahada mpya ya uzamili, unaandika hoja ya kibiashara: nani ataisoma, washindani wanatoza kiasi gani, wanafunzi wangapi wakipungua itakula hasara. Mtaalamu wa nje anaisoma, jopo linakaa siku moja, ndani ya miezi inatangazwa. Haraka hiyo ina ujinga wake. Nimeona programu zenye neno lolote lililokuwa likivuma mwaka huo likibandikwa mbele ya neno menejimenti. Lakini wanalo jambo moja ninalowaonea wivu: wanajua kufunga. Programu isipopata watu misimu miwili mfululizo, udahili unasitishwa, waliomo wanamaliziwa, kozi zake zinagawanywa au zinazikwa. Hakuna matanga.

Nyumbani safari ya mtaala ni ndefu: utafiti wa mahitaji, kikao cha wadau, kamati ya shule, Seneti ya chuo, halafu TCU. Sina ugomvi na urefu wake. Ugomvi wangu ni kikao cha wadau. Kila aliyewahi kukihudhuria anakijua: hoteli ya wastani, chai na sambusa, meneja wa benki, afisa kutoka Mamlaka ya Mapato (TRA), mtu wa chama cha wafanyabiashara, wahitimu wawili watatu. Meneja wa benki anasema wahitimu hawajui kuandika barua, ongezeni mawasiliano. Wa TRA anataka kodi iwe kozi mbili. Mwingine anasema ujasiriamali, mwingine maadili, mwingine kompyuta. Mwandishi wa kikao anaandika yote. Hakuna anayeulizwa kitoke nini. Mtaala unarudi umenenepa, mwanafunzi anasoma kozi nyingi nusunusu, na ile programu iliyoandikwa zamani kwa ajili ya mashirika ambayo yalishabinafsishwa inaendelea kudahili watu wachache kila mwaka kwa sababu ina idara yake, na idara ina mkuu wake, na mkuu ana posho ya madaraka.

Mradi wa kuboresha elimu ya juu (HEET), ule wa Benki ya Dunia wa dola milioni 425 uliopitishwa 2021, umevipa vyuo vya umma fedha za kupitia mitaala upya, na ni kazi njema. Nikisikia taarifa zake nasikia programu zilizohuishwa na zilizoanzishwa. Natamani siku moja msemaji asome orodha ya zilizofutwa, kwa sauti ileile ya furaha.

Upande wa watu mambo yanageuka. Huku kila mhadhiri ana mstari wake kwenye jedwali la Excel, saa 1,600 hivi kwa mwaka. Mhadhara mpya una saa zake za maandalizi, tasnifu ya uzamili ina saa zake, karatasi ya mtihani ina dakika zake. Katika vyuo vilivyopata hadhi ya chuo kikuu kuanzia 1992, mkataba wa kitaifa unaweka ukomo wa saa 550 za kufundisha kwa mwaka, zisizidi 18 kwa wiki. Mtu akilemewa anafungua jedwali na kunionyesha, nami sina pa kujificha. Nyumbani mzigo hugawiwa kwa ukubwa wa mtu: mwandamizi anachukua programu ya jioni yenye malipo yake, kijana anaachiwa mwaka wa kwanza wote. Nimesahihisha vijitabu vya mtihani wa uhasibu vilivyojaa kiroba, nimekaa sakafuni sebuleni, mke wangu akijumlisha maksi kwa kikokotoo kwa sababu matokeo yalitakiwa Jumatatu. Jedwali lile ningelipeleka Tanzania hata kesho.

Ila Excel hiyohiyo ndiyo iliyofunguliwa wakati wa kupunguza watu. Mstari wenye saa pungufu ukapakwa rangi. Mwenzangu aliyekuwa akifundisha historia ya biashara, mtu ambaye wanafunzi walikuwa wakimfuata mpaka kwenye maegesho kumuuliza maswali, aliondoka namna hiyo.

Na kuna jambo ambalo shule za Uingereza hazifanyi kabisa, nalo ni kulea. Kwetu mwanafunzi aliyefaulu vizuri, kwa vigezo vya TCU wastani wa alama (GPA) usiopungua 3.8 kati ya 5, anaajiriwa kuwa mkufunzi msaidizi, yaani TA. Anaongoza semina, anasimamia mitihani, anatumwa uzamili, baadaye uzamivu, mshahara wake ukiendelea kuingia na mkataba ukimtaka arudi atumikie chuo. Inachukua muongo mzima au zaidi na wengine hawarudi. Huku wanamsubiri mtu aive kwa gharama ya nchi nyingine, halafu wanatangaza nafasi. Ukumbi wa walimu wa shule yetu umejaa Wahindi, Wachina, Wagiriki, Wanaigeria. Mimi mwenyewe nilisomeshwa na mlipakodi wa Kitanzania, Uingereza ikanipokea bila kunigharamia hata daftari. Vijana wa uzamivu wa huku wanafundisha kwa kulipwa kwa saa, mkataba ukiisha Juni wanatafuta kwingine.

Ndiyo maana naogopa ninaposikia wakuu wa vyuo nyumbani wakisema TA ni gharama, bora kuchukua wenye PhD tayari na kujaza pengo kwa walimu wa muda. Najua kinachowasukuma. Ajira inasubiri kibali cha ofisi ya serikali ya Utumishi, mshahara uko Hazina, na darasa limefika wanafunzi mia sita kabla kibali hakijatoka. Hata hivyo anayekata utaratibu wa TA atafurahia bajeti ya miaka mitatu, kisha atagundua kwamba wenye PhD tayari wanapokea simu kutoka kwetu huku.

Sharti la GPA ningelilegeza upande mmoja tu. Mtu aliyeongoza mikopo benki kwa miaka ishirini hafai kuzuiwa kufundisha kozi ya mikopo kwa sababu alipata 3.4 mwaka 1998. Hata AACSB, Wamarekani wa ithibati ya shule za biashara ambao vyuo vyetu vinapenda kuwataja, wanataka angalau asilimia 40 ya walimu wawe watafiti hai, lakini wana nafasi rasmi ya watendaji waliotoka kazini.

Mengine yanahitaji fedha na sheria. Lakini Seneti yoyote ya Tanzania inaweza kuanza muhula ujao na kanuni moja: programu mpya haifiki mezani bila karatasi mbili nyuma yake, moja ikitaja programu inayofungwa, ya pili ikitaja kwa majina watu watakaofundisha mwaka wa tatu na TA anayesomeshwa kuja kuwarithi. Hilo halihitaji mkopo wa Benki ya Dunia.