Amepata nne kati ya nne, na hajaelewa kitu

Soma kifungu cha habari kifuatacho, kisha jibu maswali yanayofuata.

Jioni ile Mlagofu alikibwenya kikozwe kando ya nduzile kwa sababu kikozwe kilikuwa kimechwangaa sana.

(i) Nani alikibwenya kikozwe? (ii) Alikibwenya wapi? (iii) Lini? (iv) Kwa nini alikibwenya?

Umepata yote manne. Hata lile la mwisho, ambalo sisi walimu hupenda kuliita swali la kufikiri kwa kuwa limeanza na "kwa nini", umelijibu bila kukuna kichwa: kwa sababu kilikuwa kimechwangaa sana. Maneno yenyewe nimeyatunga mezani kwangu, hayana maana yoyote. Kilichokubeba ni upatanisho wa kisarufi. Ki- ya kikozwe imekupeleka kwenye alikibwenya, ikakuvusha hadi kilikuwa kimechwangaa, na wewe umefuata tu njia. Mwalimu akisahihisha anaweka vema nne na kuandika "Vizuri sana" kwa kalamu nyekundu.

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili, na vifungu vya ufahamu ni sehemu ya mkate wangu. Kwa hiyo ninachosema nakisema nikiwa ndani ya nyumba: zoezi la ufahamu kama tunavyolifanya halifundishi kuelewa, na mara nyingi halipimi kuelewa. Linapima kunakili. Watu waliotafiti jinsi akili inavyoelewa maandishi walishayaweka mambo haya mezani tangu miaka ya sabini na themanini, na sisi tunaendelea kama hawajasema kitu.

Tuanze na Walter Kintsch, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Colorado, na mwenzake Mholanzi, Teun van Dijk, mtaalamu wa isimu matini. Katika kazi zao za 1978 na 1983 walitenganisha mambo ambayo darasani tunayachanganya. Msomaji hushika maneno na sentensi kama zilivyoandikwa. Kisha huunganisha mawazo yaliyomo: nani kafanya nini, lipi limetokana na lipi. Lakini kuelewa hasa kunakuja anapojenga kichwani picha ya hali yenyewe inayosimuliwa, na picha hiyo haijengwi kwa maneno ya kifungu peke yake. Nusu ya vifaa vya ujenzi vinatoka kwa msomaji mwenyewe, kwenye yale anayoyajua tayari kuhusu dunia. Kwa Mlagofu wetu ulifika hatua ya pili ukaishia hapo. Ulijua nani, wapi, lini na kwa nini, na bado kichwani hakukuwa na picha yoyote.

Sasa soma hii nyingine, ambayo haina neno la kubuni:

Winga alimpita beki namba mbili, akamimina krosi, straika akaunganisha kwa kichwa, kipa akabaki ameduwaa, lakini kibendera kilikuwa juu.

Je, bao lilikubaliwa? Shabiki yeyote wa Simba au Yanga atakujibu kabla hujamaliza kuuliza: straika alikuwa ameotea, bao limekataliwa. Lakini angalia tena. Kuotea hakujatajwa. Kukataliwa hakujatajwa. Hata kwamba mpira ulitinga wavuni hakujatajwa! Yote hayo umeyaleta wewe. Bibi yangu, aliyesoma magazeti na Biblia kwa Kiswahili maisha yake yote, angelijua kila neno katika sentensi hiyo isipokuwa mawili matatu, na asingejua kilichotokea.

Jambo hilo lilipimwa Marekani mwaka 1988. Donna Recht na Lauren Leslie waliwachukua wanafunzi 64 wa umri wa darasa la saba na la nane, wakawagawa kwa vigezo viwili: uwezo wa kusoma kwa mujibu wa mtihani, na ujuzi wa mchezo wa besiboli. Wakawapa kusoma masimulizi ya kipande cha mechi, kisha kila mmoja akatakiwa kuyaonyesha kwa kusogeza vijisanamu juu ya uwanja mdogo, na kuyasimulia. Kama kuelewa kungekuwa stadi inayojitegemea, wasomaji wazuri wangewashinda wengine kwa vyovyote vile. Haikuwa hivyo. Wale waliohesabiwa kuwa wasomaji dhaifu lakini wanaijua besiboli waliwaacha mbali wasomaji wazuri wasioijua. Tena msomaji mzuri asiyejua besiboli hakuwa na lolote la kumzidi msomaji dhaifu asiyejua besiboli.

Nami huwaona hao hao kila siku. Kijana anayeitwa mzito darasani, anayekwama kwenye kifungu cha habari kuhusu ushirika wa wakulima, ndiye huyo huyo mapumziko anawasomea wenzake ukurasa wa nyuma wa gazeti la michezo, na anabishana na mwandishi. Hajabadilisha macho wala ubongo kati ya saa nne na saa nne na nusu.

Jaribio ninalolipenda zaidi ni la John Bransford na Marcia Johnson, la 1972. Waliandika kifungu cha Kiingereza kuhusu kufua nguo bila kutaja nguo hata mara moja. Badala ya kukitafsiri, nimetengeneza cha kwetu:

Ukishapata iliyokomaa, kilichomo ndani mpe mtoto. Kaa vizuri, inama mbele kidogo. Zungusha polepole, na usifike kwenye weusi. Ukimaliza pande zote mbili, ongeza kiasi, si kingi, kisha bana kwa nguvu. Ya kwanza iweke pembeni, si ya sasa. Ongeza tena, bana tena. Utaanza na ya mwisho na kumaliza na ile ya kwanza, na hapo mkono usitoke, la sivyo itakatika na kazi yote itakuwa bure.

Aliyekulia Tanga, Lamu au Unguja huenda ameshacheka kwenye sentensi ya pili. Aliyekulia Bukoba kwenye migomba huenda bado anatafuta nini hicho kinachokatika. Kichwa cha habari ni "Kukuna nazi na kukamua tui". Rudi usome. Mbuzi ya kukalia imejitokeza, kifumbu kimejitokeza, maji ya vuguvugu yamejitokeza, na "ya kwanza" imekuwa kasimile, lile tui zito, inayosubiri mchuzi ushuke moto. Hakuna neno lililobadilika.

Bransford na Johnson waliwagawa wasomaji wao makundi matatu. Kundi moja halikupewa kichwa cha habari, la pili lilipewa kabla ya kusoma, la tatu lilipewa baada ya kusoma. Kati ya mawazo 18 yaliyokuwa kwenye kifungu, waliopewa kabla walikumbuka karibu sita kwa wastani. Wasiopewa kabisa hawakufika matatu. Na waliopewa baada ya kusoma? Nao hawakufika matatu. Hapo ndipo ningependa walimu wenzangu watulie kidogo. Maarifa yanayokuja kifungu kikishapita hayaokoi kitu, kwa sababu picha hujengwa wakati macho yanapita kwenye mistari. Na sisi desturi yetu ni ipi? Tunawapa kifungu kikavu, wanahangaika nacho kwa dakika arobaini, kisha siku ya kusahihisha ndipo tunaeleza ubaoni kwamba habari yenyewe ilihusu jambo fulani.

Kujua kunaweza pia kumpotosha msomaji, nisifiche hilo. Uliza watu barazani: Musa aliingiza wanyama wangapi wa kila aina katika safina? Wengi watajibu wawili, Wakristo kwa Waislamu, na wote wanajua fika kwamba mwenye safina ni Nuhu. Thomas Erickson na Mark Mattson walichapisha utafiti wa swali hilo mwaka 1981. Picha tuliyonayo kichwani ni nzito kiasi kwamba neno moja lisilofaa linapita katikati yake bila kusimamishwa. Hiyo ni gharama ya kujua, na naikubali. Gharama ya kutojua ni kubwa zaidi.

Turudi shuleni. Kiswahili kina baraka ambayo Kiingereza hakina: kinatamkwa kama kinavyoandikwa. Mtoto akishazishika silabi, ba be bi bo bu hadi mwisho, anaweza kusoma kwa sauti chochote utakachomwekea, hata sera ya fedha. Mwaka 1986 Philip Gough na William Tunmer walisema kusoma kwa kuelewa ni zao la kuzidisha vitu viwili, kutambua maneno na kuielewa lugha yenyewe. Zingatia kwamba ni kuzidisha, si kujumlisha: kimoja kikiwa sifuri, jibu ni sifuri. Baraka yetu ndiyo inayotuficha ukweli huo. Kwa Kiingereza, mtoto asiyeelewa mara nyingi hukwama hata kutamka, na mwalimu anamsikia. Kwa Kiswahili anatiririka, mgeni wa ukaguzi anapiga makofi, na ndani hakuna kitu. Na wapo watoto wengi, Usukumani na kwingineko, wanaoanza darasa la kwanza wakiwa wanazungumza lugha nyingine kabisa nyumbani. Hao wanaweza kutamka ukurasa mzima wa lugha wasiyoijua bado.

Ndiyo maana sishangilii sana vipimo vya maneno mangapi mtoto anasoma kwa dakika. Kwanza, hata kuhesabu kwenyewe kuna utata, maana "hawajatuambia" ni neno moja kwetu na kwa Mwingereza ni manne au matano. Pili, kasi inaonyesha kwamba mlango wa kwanza umefunguka, basi. Mkazo wa KKK (kusoma, kuandika na kuhesabu) uliowekwa Tanzania mwaka 2015 kwa darasa la kwanza na la pili ulikuwa na sababu nzuri, na sitaki kusikika kama naupinga: asiyejua kusoma maneno hana pa kuanzia. Shida ni kama muda wa habari za dunia, za mito, wadudu, wafalme wa zamani na jinsi mvua inavyotengenezwa, utaonekana ni anasa ya kungoja baadaye. Hiyo "baadaye" ikifika, mtoto anakuta vifungu vinavyodai kwamba alishaambiwa.

Sekondari mambo huwa mabaya zaidi, kwa kuwa hapo pengo la maarifa linaongezewa pengo la Kiingereza, lugha ya kufundishia. Ripoti ya Criper na Dodd kuhusu Kiingereza katika shule za Tanzania ililisema hilo tangu 1984 na mjadala ungali unazunguka pale pale. Sitauingia leo.

Mwenzangu mmoja hunijibu kwamba dawa ni mbinu: wafundishe kutafuta wazo kuu, kukisia maana kutokana na muktadha, kufupisha aya. Mbinu hizo zina faida, nazifundisha. Lakini ni za wiki chache, si za miaka saba. Wazo kuu la kifungu cha besiboli hulipati kwa kulitafuta kama hujui kwa nini mchezaji anakimbia. Na muktadha haukisaidii kikozwe.

Kuna la waandishi wa vitabu pia. Mwaka 1996 Danielle McNamara na wenzake, Kintsch akiwa mmoja wao, waliwapa wanafunzi maandishi kuhusu ugonjwa wa moyo katika matoleo tofauti, mengine kila kiungo kimeelezwa, mengine yenye mapengo. Wasiojua mengi kuhusu moyo walifaidika na toleo lililoeleza kila kitu. Waliojua tayari walielewa kwa kina zaidi walipoachiwa mapengo wayazibe wenyewe. Vitabu vyetu vya kiada vimekaa kinyume: sura ya kwanza, mwanafunzi akiwa hajui kitu, ndiyo imebanwa kwa vishazi na istilahi; mazoezi ya mwisho, akishajua, ndiyo yanamtafunia.

Ninachoomba hakihitaji bajeti. Mwalimu wa Kiswahili amuulize wa Sayansi wiki hii wanafundisha nini. Kama ni malaria, kifungu cha ufahamu kiwe cha malaria, na wiki inayofuata pia, na nyingine tena, hadi watoto wawe na kitu cha kujengea. Na katika maswali matano, mawili yasiwe na jibu la kunakili. Kifungu kiseme kwamba viluwiluwi vya mbu huishi majini lakini hupanda juu kupumua hewa. Kisha uliza: kwa nini zamani watu walimwaga mafuta kwenye madimbwi? Hakuna mstari wa kunyoshea kidole. Aliyeelewa atakuambia mafuta huelea na kuziba hewa, tena kwa maneno yake mwenyewe, pengine kwa sarufi mbovu, na hapo mwalimu wa Kiswahili itambidi aamue anatoa alama ya nini.

Kusahihisha majibu ya namna hiyo kunachosha, hasa ukiwa na mikondo mitatu ya watoto themanini themanini. Najua, ninayo. Ndiyo maana nimesema mawili.